Mshale umepanda? Usikimbilie kununua senda

Mwezi huu maswali ya geji ya joto yamekuja mengi kuliko ya kitu kingine chochote, nadhani ni kwa sababu watu wameanza kuzitoa tena barabarani zile Land Rover, Peugeot, Datsun na Benz zilizokuwa zimelala chini ya miembe, na mimi nikiziona zinapita nafurahi kabisa. Kwa wasioijua senda, ni kile kidude cha shaba kilichofungwa kwenye hedi au karibu na nyumba ya themostati (kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta), ncha yake iko ndani ya maji, na juu ina waya mmoja unaoenda kwenye geji. Ndani yake kuna kipande ambacho kikiwa baridi kinazuia umeme sana, kikipata moto kinaulegeza. Kuzuia huko kunapimwa kwa omu, kwa hiyo omu nyingi maana yake baridi, omu chache maana yake moto. Ukishika hilo tu basi majibu yote ya leo utayaelewa.

*

Jambo fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli, niliinunua nikiwa bado jeshini, sasa nimestaafu niko Bombo. Siku hizi nikiwasha, dakika chache tu mshale wa joto unaenda mpaka kwenye nyekundu, lakini maji hayatokoti, rejeta ukiishika ina joto la kawaida tu, na gari inavuta vizuri. Fundi wa hapa ameshabadilisha senda, akaibadilisha tena, mshale ni ule ule. Sasa anasema tufungue hedi. Nikubali?
— Mstaafu, Bombo

Jambo afande. Usikubali! Hedi haifunguliwi kwa sababu ya mshale, hedi inafunguliwa kwa sababu ya maji kupungua bila kuvuja, mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe ambao haukatiki au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na wewe katika hayo hujataja hata moja.

Kwanza niambie, geji ya mafuta inasemaje? Manake kwenye Land Rover yako na kwenye magari mengi ya Uingereza ya kuanzia miaka ya 1960, geji ya joto na geji ya mafuta haziko moja kwa moja kwenye betri, zinapata umeme kupitia kidude kidogo kinaitwa stabilaiza ambacho kinaupunguza mpaka wastani wa volti 10 ili mshale usichezecheze kila ukikanyaga mafuta. Kipo nyuma ya paneli ya geji. Ndani yake kuna utepe wa metali mbili unaojipasha moto, unajikunja, unakata umeme, unapoa, unarudi tena, hivyo hivyo muda wote gari ikiwa ON. Sasa hicho kikishikana ndani, au mwili wake ukikosa athi (yaani kugusana na bodi ya gari) kwa kutu, kinaacha volti 12 au 13 na zaidi zipite zote, na geji zote mbili zinaanza kusema uongo wa kupanda juu. Ukiweka mafuta ya nusu tanki ikakuonyesha robo tatu, afande, mwizi umeshampata na senda zote mbili ulizonunua hazikuwa na kosa.

Kupima ni rahisi. Geuza funguo ON bila kuwasha injini, chukua multimita, negativu kwenye bodi ya gari, pozitivu kwenye upande wa stabilaiza ulioandikwa I, ule unaoenda kwenye geji (upande wa B ni wa kutoka betri). Ile ya kizamani haitulii kwenye 10, inaruka inaenda kwenye sifuri inarudi juu, na hiyo ndiyo dalili kwamba iko hai. Ukikuta imeganda kwenye volti za betri na hairuki kabisa, kwanza safisha pale inapofungwa mpaka metali ing'ae kisha upime tena, mara nyingi inaishia hapo hapo. Ikikataa, siku hizi kuna stabilaiza za elektroniki zinatoa volti 10 zilizotulia na zinafungwa mahali pale pale. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza hata kuitengeneza kwa ile regyuleta ndogo ya 7810, muhimu aijue polariti ya gari na athi aifunge vizuri. Ukibaki na ile ya kizamani angalia namna ilivyofungwa manake nyingine zinataka kukaa wima, ukiilaza haifanyi kazi sawasawa.

Na kuna kipimo kingine ambacho ningependa kila mwenye gari ya zamani akijue kabla hajatoa shilingi mfukoni. Funguo ON, chomoa waya kwenye senda uuache hewani, usiguse chochote. Mshale unatakiwa kushuka kabisa kwenye baridi. Ukibaki juu, waya umechubuka mahali unagusa bodi, kwa Land Rover angalia pale unapopita kwenye ukuta wa injini, ile raba ya tundu huwa imeshaliwa na joto. Ukishuka, chukua huo waya uugusishe kwenye injini kwa sekunde chache tu, mshale unatakiwa kupanda wote mpaka juu. Ukipanda ina maana geji ni nzima na waya ni mzima. Usiung'ang'anize hapo muda mrefu, geji hizi zinafanya kazi kwa joto la waya mwembamba ulio ndani na ukizidisha unaziunguza. Ukitaka usalama zaidi pitisha rezista (kidude kidogo cha kuzuia umeme) ya omu 22 kati ya waya na injini, inaiga senda iliyo moto sana bila kuiumiza geji.

Tena afande, kama hiyo Land Rover ilikuwa ya jeshi na ilitengenezwa kubeba redio, angalia isije ikawa ya volti 24. Hizo zipo, na vifaa vyake vya umeme si vya kuchanganya na vya 12.

*

Fundi habari. Nina Land Cruiser FJ40 ya babu, nimeifunga geji mpya ya VDO na senda yake. Karatasi ya senda inasema digrii 100 inatakiwa kusoma kama omu 38. Nimechemsha maji kwenye sufuria, yanatokota kabisa, nimeitumbukiza, inasoma 46. Nimejaribu tena ni 46. Duka wanakataa kuirudisha. Nifanyeje?
— Kijana wa Kabale

Kijana wangu, duka wako sahihi na senda yako ni nzima, tena nikupongeze kwa kupima vizuri namna hiyo manake hiyo 46 yako imeniambia hata mahali unapoishi! Maji ya Kabale hayafiki digrii 100. Maji yanachemka kwa 100 kule usawa wa bahari, Mombasa, Dar. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Kampala iko kama mita 1,200, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Kabale mko karibu mita 2,000, maji yanatokota kwenye 93 au 94, na hapo hata ukiongeza kuni sufuria nzima ikaruka hayapandi zaidi. Senda ya VDO ya aina hiyo kwenye 90 inasoma kama 51, kwenye 100 kama 38, kwa hiyo 46 kwenye 93 na nusu ni pale pale inapotakiwa.

Ndiyo maana nasema usipime senda kwa "yamechemka", pima kwa themomita. Ile ya kupikia nyama inatosha. Namna nzuri ni hii. Funga senda kwa waya uininginize kwenye maji, ncha tu ndiyo iingie, kichwa cha juu kibaki kikavu na isiguse chini ya sufuria manake chini ni moto kuliko maji yenyewe. Probu moja ya multimita kwenye mwili wa shaba, nyingine kwenye kichwa. Weka themomita karibu kabisa na ncha ya senda. Anza na maji baridi, washa moto mdogo, koroga, na andika kwenye daftari omu za kila digrii 10. Kwa hiyo yako utaona 40 ni kama 290, 60 ni kama 134, 80 ni kama 69. Angalia namna inavyoshuka, mwanzoni inashuka kwa haraka sana, halafu kadiri maji yanavyopata moto inashuka polepole. Senda nzuri inashuka kwa utulivu. Mbovu inaruka, unaona 120 halafu ghafla 300 halafu 110, au inaganda kwenye namba moja kutoka baridi mpaka moto, au multimita haisomi kabisa. Usiishie kwenye kupasha, iache ipoe huku unasoma, kuna senda zinakuwa sawa zikipanda na zinakatika zikishuka.

Ukitaka kweli kuvuka 93, tumia kulanti (ile dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, hiyo inachemka juu zaidi, lakini sufuria hiyo isirudi jikoni tena milele manake kulanti ni sumu, na usiiache mahali mtoto au mbwa atafika, ina utamu. Ila kwa kweli huna haja. Ukiwa na vipimo vya 40 mpaka 90 vinavyofuata mstari wake, huko juu nako itafuata.

Na hili la mwinuko lina upande wake mwingine ambao wewe wa milimani unatakiwa kuujua kuliko mtu wa Entebbe. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachozuia maji ya injini yasichemke mapema, kila psi moja (kipimo cha presha) inaongeza kama digrii moja na nusu. Kikichoka raba au springi, ukiwa unapanda Kanaba kuelekea Kisoro maji yako yatatokota kwenye 93 wakati mshale bado uko karibu na katikati na wewe unajiona salama. Kibadilishe, na uweke cha psi zile zile zilizoandikwa kwenye cha zamani.

*

Mpendwa fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tororo, baba alituachia Peugeot 504 na mimi ndiye ninayeiendesha sasa. Barabarani haina tabu yoyote, naenda mpaka Mbale na kurudi mshale umetulia. Shida ni nikiingia Kampala kwenye foleni, mshale unapanda mpaka naogopa nazima gari. Nimeambiwa senda imekufa. Ni kweli?
— Mwalimu, Tororo

Mwalimu, pole, na hongera kwa kuitunza. Hizi gari historia yake ya huku kwetu ni kubwa, 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kabla yake kaka yake 404 aliichukua 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, kwenye vumbi na matope yetu haya haya.

Sasa swali lako. Senda iliyokufa haijui kama uko foleni au uko njia ya Mbale. Geji inayopanda ukisimama na kushuka ukitembea inasema ukweli, injini inapata moto kweli, na kinachokosekana ukisimama ni upepo. Kwa hiyo macho yatoke kwenye senda yaende kwenye feni. 504 nyingi zina feni ya sumaku, yaani haizunguki kwa nguvu muda wote. Kuna swichi ya joto kwenye rejeta, maji yakifika moto fulani inapeleka umeme kwenye koili iliyo katikati ya feni kupitia brashi ndogo ya kaboni, sumaku inashika, feni inaanza kuvuta hewa kweli kweli. Maji yakipoa inaachia. Ni ufundi mzuri sana wa kubana mafuta, ila swichi ikifa au brashi ikiisha, feni inazungukazunguka kivivu tu na barabarani hutajua manake upepo wa mwendo unaifanyia kazi yake.

Mwambie fundi afanye hivi ukiwepo. Injini imezimwa, funguo ON, achomoe nyaya za swichi ya rejeta na kuziunganisha pamoja. Ikisikika "tak" pale kwenye feni, basi koili na brashi ni nzima, na mkosaji ni swichi. Isiposikika, aangalie fyuzi, halafu brashi kama bado ina urefu na kama pale inaposugua pamejaa oili, akisafisha kwa kitambaa na petroli kidogo huenda ikaamka. Halafu nawe pima swichi kwenye sufuria kama kijana wa Kabale, ila hii haina omu za kushuka taratibu, ni wazi au fungwa tu. Baridi iwe wazi, ikifika joto lililopigwa chapa kwenye mwili wake ifunge, ikipoa ifungue. Watu wengi wanachanganya hivi vidude kwa sababu vyote ni vya shaba na vyote vina waya, hata wauzaji wanakupa swichi ukiomba senda, geji inabaki imelala mpaka siku moja inaruka juu yote kwa mpigo.

Mpaka atengeneze, ukikwama foleni washa hita ya ndani yote kwenye moto na ufungue madirisha. Utatoka jasho mwalimu lakini hiyo hita ni rejeta ndogo ya pili na inasaidia kweli. Na injini ikiwa inanguruma, kitenge na lesso viwe mbali na ile feni.

*

Ndugu fundi, Datsun 120Y, senda ya zamani ilikufa, nikapata nyingine inayoingia. Inafanya kazi lakini mshale unakaa robo tatu na zamani ulikuwa nusu. Nimeazima ile bunduki ya kupima joto, nyumba ya themostati inasoma 84. Pia inavuja kidogo pale kwenye thredi. Nikaze zaidi?
— Wa Mbarara

Ndugu yangu usikaze! Shaba ni laini, utaikata shingo ibaki ndani ya hedi, na hapo ndipo kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Inayovuja pengine haikuwa ya thredi hiyo. Kuna thredi ya inchi 1/8 ya kubana kama paipu, na kuna ya milimita 10 kwa pichi ya 1, ukizishika mkononi zinafanana kabisa, na moja inaingia kwenye tundu la mwenzake raundi mbili tatu halafu inaanza kukata njia yake yenyewe. Itoe, iweke karibu na ile ya zamani, zishikanishe meno kwa meno ukiangalia kwenye mwanga. Meno yakikaa ndani ya meno bila nafasi ni sawa, ukiona mwanga unapita hapo si yenyewe. Kila ukienda kutafuta senda, iwe soko la Kisekka kule Kampala au popote, nenda na ya zamani mfukoni, usiende na jina la gari peke yake.

Na kuhusu mshale wa robo tatu, bunduki imeshakuambia injini iko sawa (ila uielekeze kwenye sehemu isiyong'aa, alumini au shaba inayong'aa inaidanganya isome chini, bandika kipande cha tepu nyeusi upime hapo). Ulichopata ni senda inayoingia lakini omu zake si za geji yako. Hiyo ni kama saa nzuri iliyowekwa majira ya nchi nyingine, inatembea vizuri ila jibu silo. Dawa ya kwanza ni kutafuta inayolingana, na kwa Datsun bado unaweza kuipata. Ukishindwa kabisa, kuna njia ya rezista. Mshale ukisoma juu kuliko ukweli, omu ni chache mno, unaongeza rezista kwenye mstari, kati ya waya na senda. Ukisoma chini kuliko ukweli, omu ni nyingi mno, unaweka rezista sambamba, kutoka kwenye kichwa cha senda kwenda athi. Kwa kesi yako ni ile ya kwanza. Tafuta kwa fundi wa redio rezista ya kuzungusha ya omu 0 mpaka 100, ifunge kwa muda kwenye mstari, injini ikiwa imeshapata moto wake na themostati imefungua, zungusha taratibu mpaka mshale urudi nusu. Hizi geji zina uvivu, kila ukizungusha subiri dakika nzima kabla hujaamua. Halafu itoe uipime ni omu ngapi, nunua ya kudumu ya thamani hiyo, iwe ya wati moja au zaidi, uiunge kwa risasi uifunike. Ijulikane tu kwamba umeiweka sawa kwenye joto la kawaida la kazi, pembeni huko kwenye baridi kabisa inaweza kudanganya kidogo, na hiyo haina madhara, cha kuangalia ni pale katikati na juu.

Kufunga sasa. Injini iwe baridi, fungua kifuniko cha rejeta, toa lita moja mbili za maji kwenye chombo safi. Senda ya zamani ikikataa, mwagia mafuta ya kulegeza kutu uache mpaka kesho, usiitukanie kwa spana ndefu, tumia soketi ndefu inayoshika pembe zote. Safisha thredi za tundu kwa brashi. Mpya iingie kwa vidole kwanza raundi tatu nne bila spana, ikigoma irudishe. Kama ni ya kubana, spana iifikishe inapokaza tu basi. Kama ni ya thredi sawa, weka washa mpya ya shaba. Tepu nyeupe ya mafundi bomba watu wanaizungusha kama bandeji, halafu wanashangaa mshale hauinuki, manake senda haina waya wa athi, athi yake ni hizo thredi zenyewe! Raundi moja tu kama ni lazima, na ukimaliza pima kwa multimita kutoka mwili wa senda hadi negativu ya betri, isome chini ya omu 1. Rudisha maji, hita iwe wazi, kifuniko wazi, washa iache sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta) mpaka themostati ifungue na mapovu yaishe. Hewa ikibaki pale juu senda inapima mvuke na mshale unakuwa wa kichaa, mara juu mara chini.

*

Fundi, MG ya mwaka 1954. Geji haina waya, ina kibomba chembamba cha shaba. Fundi alikikata akitaka kukirefusha. Sasa haifanyi kazi.
— Mzee, Jinja

Mzee wangu, pole sana. Hiyo si ya umeme. Ndani ya kile kibomba kulikuwa na etha, inapata moto kwenye injini, inasukuma kwa presha mpaka kwenye geji. Kilipokatwa etha ilitoka yote, na hakuna kuunga kwa risasi kutakakoirudisha. Inatengenezeka, kwa kuunganisha kibomba kipya chenye balbu yake iliyojaa etha, huku balbu imezikwa kwenye barafu na chumvi ili etha isitoke wakati wa kuunga. Lakini etha inachemka kwenye digrii 35 tu na inashika moto vibaya sana, kwa hiyo naomba usimpe mtu yeyote wa kujaribu. Ipeleke kwa mtengeneza geji anayeifanya kazi hii kila siku, hata kama ni kuituma Nairobi au Uingereza. Usiitupe geji yenyewe, uso wake na mashine yake ni vya thamani. Wakati unasubiri funga geji ndogo ya umeme chini ya dashibodi, usiendeshe bila kujua joto.

*

Benz 240D, Arua. Mshale hauvuki 50 hata nikitoka Arua mpaka Pakwach. Fundi anasema ni kawaida, themostati ilitolewa zamani kwa sababu huku kuna joto. Niiache?
— Dereva, West Nile

Hapana ndugu yangu, irudishe themostati! Injini hiyo ilitengenezwa kufanya kazi kwenye digrii 80 na kidogo. Ikiwa baridi muda wote inakula dizeli, inachafua oili na kujimaliza silinda. Na kwa dizeli za Benz za namna hiyo kuna jambo baya zaidi, themostati yake ina kazi mbili, ikifungua njia ya rejeta inafunga ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na siku umebeba mzigo mlimani sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, unaichemsha injini kwa kitu ulichotoa ili isichemke.

Weka mpya ya 80, na kabla hujaifunga itumbukize kwenye sufuria na themomita uone inaanza kufunguka. Halafu fanya kile kipimo cha waya nilichomwambia afande wa Bombo, manake mshale wa chini unaweza pia kuwa waya uliolegea au senda iliyovikwa magamba ya chokaa ya maji ya kisima. Ikwangue uione, na kuanzia hapo weka kulanti, si maji matupu.

Moja ambalo nataka ulishike hata ukisahau mengine. Senda inapima maji. Hozi ikipasuka maji yakaisha, ncha yake inabaki kwenye hewa, na mshale badala ya kupanda unaweza kushuka. Ukiwa barabarani mshale ulikuwa 85 umetulia halafu ghafla unaanguka, na hita inapuliza baridi, usiseme afadhali imepoa. Pembeni, zima, usifungue kifuniko mpaka kishikike kwa mkono mtupu.